Tahadhari: seti ya godoro na topa "ya wanandoa" inayoficha sponji mbovu

Kama wewe na mwenzako mnatafuta godoro na mmeona tangazo la seti ya wanandoa, godoro na topa (tabaka jembamba la kutandikwa juu ya godoro) kwa bei moja, topa ikiitwa "zawadi", tafadhali msilipe kabla ya kusoma haya. Kuna muuzaji anayezunguka mtandaoni na seti hiyo. Jina lake silitaji, na hubadilisha jina la ukurasa kila malalamiko yanapozidi. Nitaeleza anavyofanya kazi, kwa sababu hapo ndipo mtamtambua yeye na wengine wa aina yake.

Sisi tuliagiza godoro la unene wa sentimita 20 na topa ya sentimita 5 ya memori, yaani sponji inayobonyea kwa uzito wa mwili na kujaa polepole. Vyote vilikuja vimeviringishwa na kufyonzwa hewa. Godoro lilipofunguliwa halikufikia unene tulioahidiwa, na tulipouliza tukajibiwa kwamba bado linaumuka, tusubiri. Jibu hilo linaingia akilini, maana godoro lililofungwa namna hiyo huhitaji muda kurudi katika umbo lake, mara nyingi kati ya saa 24 na 72. Lakini yeye aliendelea na "subirini kidogo" mpaka muda wa kurudisha bidhaa ukapita, kisha akanyamaza kabisa. Haukupita muda mrefu katikati pakabonyea. Mume wangu ni mzito kuliko mimi, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa naviringika kuelekea upande wake usiku kucha, na yeye ndiye aliyekuwa akiamka na kiuno kinachouma.

Seti hii inalengwa kwa watu wawili kwa makusudi. Wanandoa wengi hawapatani kuhusu godoro: mmoja anataka laini, mwingine anataka gumu. Muuzaji anawaambia topa itawaridhisha wote. Mkikaa juu yake kwa dakika chache, au mkitazama video ya mtu anayekaa juu yake, mnachohisi na kukiona ni topa. Godoro lenyewe limejificha chini. Ukweli ni kwamba topa hubadilisha hisia ya juu tu, haibebi mgongo. Sponji ya chini ikilegea, topa inafuata bonde lile lile, kama shuka inavyofuata kitanda. Anayekuuzia topa ili "kurekebisha" godoro linalobonyea anakuuzia kitu kisichoweza kufanya kazi hiyo.

Silaha yenu kubwa ni mizani. Ubora wa sponji ya kawaida unaanzia kwenye densiti, yaani kilo ngapi kwa kila mita moja ya ujazo. Densiti si ugumu, na wauzaji wengi huchanganya mambo haya mawili kwa kujua: sponji nyepesi inaweza kutengenezwa ikawa ngumu, ukaibonyeza dukani ukaridhika, halafu ikachoka upesi. Kwa watu wazima wawili wanaolala hapo kila usiku, mimi nisingeshuka chini ya kilo 30 kwa sponji ya kawaida, na kwa topa ya memori ningetafuta kilo 50 au zaidi.

Sasa pigeni hesabu. Godoro la sponji tupu la sentimita 150 kwa 190, unene 20, lina mita za ujazo 0.57. Kwa densiti ya 30 linapaswa kuwa na kilo 17 hivi, mbali na kitambaa. Likiwa na kilo 10, densiti yake ni kama 18 tu, hata tangazo liseme nini. Topa ya ukubwa huo yenye unene wa 5, kama kweli ni memori ya densiti ya 50, inakaribia kilo 7. Ya kwetu mtoto angeibeba kwa mkono mmoja. Muulizeni muuzaji uzito wa kila kimoja kabla ya kulipa, na aandike. Yule wetu aliulizwa kilo akajibu kwa kusifu kitambaa.

Memori ina kipimo kingine rahisi: bonyeza kiganja kwa nguvu, kisha kiondoe. Alama ya mkono hukaa kidogo na kujaa polepole. Ikiruka juu papo hapo, hiyo ni sponji ya kawaida iliyopakwa rangi.

Kuhusu maneno makubwa. "Ya mifupa" au "ya daktari" kwenye lebo si uthibitisho wa chochote. Karibu yeyote anaweza kuyaandika. NASA, shirika la anga za juu la Marekani, nayo hutajwa sana. Ni kweli sponji ya memori ilibuniwa mwaka 1966 na Charles Yost katika kazi aliyoifanya kwa ajili ya NASA, ya viti vya ndege, lakini hilo halisemi lolote kuhusu sponji iliyo mbele yako. Nembo za upimaji kama CertiPUR-US na OEKO-TEX zina maana, ila zinahusu hasa kemikali, si dhamana kwamba godoro litadumu, na zinaweza kuhakikiwa kwenye tovuti za wenyewe. Nembo isiyopatikana huko ichukulie kuwa ni picha tu.

Jambo moja la usalama: mkitaka kuona sponji, someni lebo kabla ya kufungua zipu. Baadhi ya magodoro ya bei nafuu yana nyuzi za kioo ndani ya ganda kwa ajili ya kuzuia moto. Zikitoka husambaa chumba kizima, huwasha ngozi na kuumiza macho. Lebo ikitaja nyuzi za kioo au ikikataza kuvua ganda, acheni.

Dhamana ya miaka mingi nayo isiwapumbaze. Nyingi hupima bonde godoro likiwa tupu, na hukubali dai lenu bonde likifika kina cha sentimita 2.5 hadi 4. Sponji hafifu huinuka mkiondoka na kuzama mkilala, hivyo kipimo hakifiki. Doa moja, au chaga zilizoachana sana, vinatosha dai lenu kukataliwa.

Kwa wanaotofautiana kweli, kinachosaidia ni godoro imara lenye densiti nzuri chini, na juu yake topa mbili za upana wa mtu mmoja, kila mmoja na yake. Mwenye kutaka gumu hata asiweke, mradi tofauti ya unene isiwafanye mlale kwa vimo tofauti.

Ambao mmeshanunua, pigeni picha godoro likiwa juu ya mizani, na kamba iliyovutwa kutoka ukingo hadi ukingo juu ya bonde pamoja na rula. Andikeni malalamiko kwa maandishi mkiwa bado ndani ya muda wa kurudisha, hata akisema linaumuka, na kama mlilipa kwa kadi wasilianeni na benki mapema. Akiwaambia mtangulize nauli ili awaletee godoro jingine, msitume. Kuna jamaa yetu aliituma, na hakuna kilicholetwa.