Jeraha la Kazini: Daktari kwa Video au Ana kwa Ana?

Mfanyakazi aliyeumia mgongo akiinua mzigo anaweza kuzungumza na daktari kwa simu ya video siku hiyo hiyo, akaandikiwa mapumziko au kazi nyepesi, na taarifa ya jeraha ikamfikia mapema mwajiri pamoja na bima ya fidia. Safari ya kliniki huchukua muda zaidi, lakini huko ndiko mfupa unakopigwa picha ya eksirei, kidonda kushonwa na nguvu ya kiungo kupimwa kwa mikono. Na fidia ya ulemavu wa kudumu, inayotegemea vipimo hivyo, ni vigumu kuikadiria kupitia kioo cha simu. Kwa maoni yangu, video inafaa zaidi kwa ufuatiliaji na mazoezi ya viungo, mradi msimamizi wa kazi (hili husahaulika kwa urahisi) asiwepo chumbani mfanyakazi anapozungumza na daktari, ili aweze kusema kwa uhuru.