Mwaka na nusu wa kusponsa mashuka Instagram na Facebook: uzoefu wangu na daftari langu

Nauza mashuka. Sina fremu barabarani. Nina chumba kimoja cha stoo Kinondoni, simu mbili na mdogo wangu wa kike anayejibu meseji. Mzigo nauchukua Kariakoo kwa jumla. Seti ya sita kwa sita ya pamba, shuka mbili na foronya nne, naipata kwa 29,000. Nikiongeza mfuko na lebo inakuwa 30,000. Nauza 48,000. Hiyo 18,000 ya katikati ndiyo itakayotembea nasi mpaka mwisho, iweke kichwani.

Nilianza kulipia matangazo mapema 2023. Naandika kwa sababu haipiti wiki mtu hajaniuliza, "Dada, kusponsa kunalipa?" Kwangu kumelipa, ila baada ya kuniumiza kwanza.

Nilianzia pale pale wanapoanzia wengi: kitufe cha kubusti chini ya posti, yaani unalipia posti yako ifikie watu wengi zaidi. Picha ilikuwa kitanda kimetandikwa shuka la maua, maneno "bei inboksi". Nikaweka 50,000, siku tano, Tanzania nzima, wake kwa waume, miaka 18 hadi 65. Laiki zikapita 1,900, nikawa natembea kifua mbele. Meseji zilikuja 14. Nane zilikuwa "mambo", moja ni ya kaka aliyetaka tufahamiane zaidi. Niliuza seti mbili. Mbili mara 18,000 ni 36,000, na mfukoni ilikuwa imetoka 50,000. Nilitoa 14,000 yangu watu wakisifie kitanda.

Baada ya hapo nikampa kazi mtaalamu, simtaji jina. Nilimlipa 150,000 kwa mwezi mbali na hela ya matangazo yenyewe, na kila Jumapili alinitumia picha za skrini zenye namba kubwa kubwa. Tatizo halikuwa namba. Tatizo ni kwamba kila kitu kilitembea kwenye akaunti yake ya matangazo. Tulipoachana baada ya miezi mitatu sikubaki na chochote: si kumbukumbu za tangazo lipi lilileta nini, si orodha ya watu waliowahi kugusa matangazo yangu ambao ningeweza kuwafuata tena. Mnaotaka kumpa mtu hii kazi, fungueni akaunti kwa jina lenu, kadi yenu, kisha yeye mumwongeze kama mfanyakazi. Mkishindwana mnamtoa, maisha yanaendelea.

Nikaingia mwenyewe Ads Manager, sehemu ya kupangia matangazo ya Meta, wenye Facebook na Instagram. Wiki ya kwanza inatisha, ina vitufe kama chumba cha rubani. Lakini jambo kubwa liko kwenye swali la kwanza kabisa: unataka nini? Huu mfumo ni mtiifu kupita kiasi. Ukiuomba laiki, unakutafutia watu wenye kidole chepesi cha laiki, wale wanaopenda kila kinachopita na hawajawahi kununua hata pini. Ukiuomba meseji, unatafuta watu wenye tabia ya kuandika. Watu wawili tofauti kabisa, ndani ya Dar hiyo hiyo. Nikachagua meseji, zije moja kwa moja WhatsApp.

Kingine nilichokuwa sikijui ni kwamba nafasi za matangazo zinapigwa mnada, na mnada wenyewe haumpi ushindi mwenye hela nyingi peke yake. Meta wanaangalia dau lako, uwezekano wa huyo mtu kufanya unachokitaka, na ubora wa tangazo. Ndiyo maana muuza mashuka mwenye elfu kumi kwa siku anaweza kupita mbele ya kampuni kubwa, mradi tangazo lake watu hawalikimbii.

Na langu walikuwa wanalikimbia. Hilo shuka la maua kila mtu analo, hata picha ni ile ile ya kiwandani. Siku moja mteja wa Tabata akaniandikia, "Picha nzuri, ila la mwisho nililonunua mtandaoni lilichuja mpaka chupi za mume wangu zikawa za pinki." Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Kumbe hilo ndilo wanaloogopa! Jioni ile nikatoa beseni jeupe uani, nikajaza maji, nikamimina sabuni ya unga, nikatumbukiza shuka jekundu kabisa. Mdogo wangu akashika simu. Nikafikicha, nikakamua, nikalitoa, kisha kamera ikashuka kwenye maji. Povu, chini yake maji meupe. Jogoo wa jirani akawika katikati na hatukumkata. Sekunde 34. Mwisho nikasema bei kwa mdomo wangu: elfu arobaini na nane, Dar unalipa ukipokea.

Watu watatu waliuliza beseni ni shilingi ngapi. Waliobaki waliuliza shuka.

Sasa nifungue daftari. Kabla ya video hiyo, kampeni yangu ya picha kwenda WhatsApp ilikula 90,000 ikaleta mazungumzo 60. Kila meseji 1,500, nikaona rahisi. Walionunua: sita. Yaani kila mnunuzi alinigharimu 15,000, mimi nikabaki na 3,000 kwa seti. Kazi ya wiki nzima, 18,000. Boda wangu alinizidi.

Kampeni ya beseni yenye bei ndani yake, kwa 90,000 ile ile, ilileta mazungumzo 38 tu. Kila meseji ikapanda mpaka karibu 2,400 na mdogo wangu akanuna, akaniambia tangazo limebuma, tulizime. Walionunua walikuwa 13. Mara 18,000 ni 234,000, toa 90,000, zikabaki 144,000. Mnunuzi mmoja chini ya 7,000. Meseji zikapungua kwa sababu ambao wangeshtuka bei walishtuka wakiwa hukohuko Instagram, hawakuja kutupotezea muda. Tangu siku hiyo "bei inboksi" nimeizika.

Lakini nisimpe beseni sifa zote. Nusu ya ushindi ule ilitoka kwenye saa za kujibu, na hii nimeona wengi hawaigusi. Nilikaa nikasoma mazungumzo 60 ya ile kampeni ya kwanza, moja moja. Meseji nyingi ziliingia kati ya saa tatu na saa tano usiku, watu wameshakula, watoto wamelala, mtu yuko kitandani na simu, tena juu ya shuka lililochakaa! Sisi tulikuwa tunafunga saa mbili. Mteja wa saa nne usiku ukimjibu kesho yake saa tatu asubuhi anakuuliza, "Nani mwenzangu?"

Basi tukabadilisha zamu. Mdogo wangu sasa anaanza saa kumi jioni hadi saa tano na nusu usiku, asubuhi analala. Na matangazo nayo yanatembea saa hizo tu. Ukichagua bajeti ya jumla ya kampeni nzima badala ya bajeti ya kila siku, Ads Manager inakuruhusu kupanga saa. Hela yangu hailiwi tena saa tisa alfajiri.

Majibu nayo tuliyafumua. Zamani mtu akiuliza, "Mzigo bado upo?" alijibiwa, "Upo dear, karibu." Mazungumzo yanafia hapo, kwa sababu umemwachia mteja kazi ya kuendelea. Sasa anajibiwa, "Upo. Rangi zilizobaki ni hizi tatu. Uko maeneo gani nikupigie hesabu ya boda?" Mtu akishataja Mbezi au Kigamboni ameshaanza kununua. Nilichomkataza mdogo wangu ni kuandika "karibu" peke yake, faini yake ni soda.

Kero moja iliyobaki ni wanaoagiza kwa mchezo. Boda anafika Kimara, simu haipatikani. Wiki moja ilitokea mara nne, nikawa namlipa boda nauli ya kwenda na kurudi kutoka kwenye ile ile 18,000. Siku hizi mteja anatanguliza nauli ya boda tu, ya shuka analipa akishalishika. Wachache wanasusa, na wanaosusa nawaaga kwa amani. Wa mikoani mzigo unapanda basi, kwa hiyo wanalipa kabla, na imani hapo ni ngumu zaidi. Kampeni yao nimeitenga kabisa na ya Dar, maana hesabu zao hazifanani.

Gharama ambazo hazionekani mwanzoni ni hizi. Akaunti yangu inahesabu kwa dola. Nilipoanza dola ilikuwa kama 2,350. Katikati ya 2024 ilikuwa imepita 2,600. Tangazo lile lile, bei ya shuka ile ile, na katikati nimeshanyofolewa. Kuna VAT pia: tangu Sheria ya Fedha ya 2022 watoa huduma za kidijitali walioko nje wanatakiwa kujisajili na kuikusanya, na kiwango cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18, kwa hiyo nikipanga bajeti naiweka ndani tangu mwanzo. Na wenye iPhone msome hapa: Februari 2024 Meta walitangaza kwamba kubusti ndani ya programu za iPhone kunabeba makato ya Apple ya asilimia 30, wakianza na Marekani na nchi nyingine kufuata. Ukilipia kupitia kivinjari, makato hayo hayakugusi. Kadi nayo iwe na salio muda wote. Yangu ya mtandaoni iliwahi kugoma Ijumaa ya mwisho wa mwezi, siku ambayo Dar nzima ina mshahara, matangazo yakasimama mpaka Jumapili.

Halafu kuna ugonjwa wa kuchungulia. Tangazo jipya lina kipindi cha kujifunza, mfumo unahitaji kama matokeo 50 ndani ya wiki ndipo utulie, na ukifanya badiliko kubwa unaanza upya. Mimi kila usiku nilikuwa nabadilisha: leo napunguza umri, kesho napandisha bajeti. Ni kama kufunua sufuria ya wali kila dakika, mvuke unatoka na wali hauivi. Sasa nikiwasha siligusi siku nne, hata likinitia presha.

Kampeni iliyonipa hela kuliko zote haikuwa ya sita kwa sita. Ilikuwa Julai 2024, kidato cha tano wanaripoti. Mzazi ana fomu ya kujiunga mkononi, imeandikwa shuka mbili, rangi fulani, chandarua, taulo, na tarehe ya kuripoti haisubiri. Nikafunga kifurushi cha bweni: shuka mbili za bluu bahari, foronya, chandarua, taulo, 62,000, faida 24,000. Picha ya tangazo ilikuwa karatasi niliyoiandika kwa mkono kama orodha ya shule, vitu vyangu nimevitia tiki. Nililenga miaka 35 hadi 55, na nikaweka nguvu Facebook, maana wazazi wengi wako huko. Siku tisa, 120,000, vifurushi 31. Piga hesabu mwenyewe.

Mwezi wa nane nikarudisha tangazo lile lile kwa tamaa. Watoto walikuwa wameshafika shule. 40,000 ikaenda na upepo.

Kwa hiyo nyota ni nne kati ya tano, kwa biashara kama yangu. Rafiki yangu anauza hereni za 5,000, faida yake 2,000. Aliniomba nimwekee kampeni kama ya kwangu, nikakataa. Meseji moja tu kwangu ni 2,400. Yeye angekuwa amekula hasara kabla mteja hajasema "mambo". Nilimwambia aanze kuuza seti za vito vya harusi, ameanza, anaendelea vizuri, na bado hajasponsa chochote.

Kabla hujaweka hela, ingia Ad Library ya Meta, maktaba ya matangazo yanayotembea, ni bure, tafuta wanaouza unachouza. Tangazo lililokaa miezi miwili halijazimwa, mwenyewe kuna kitu anapata. Mimi huwa naangalia bei waliyotaja, kama wameitaja.

La beseni bado linatembea, mwezi wa nne huu, ila naona linachoka. Mtu mmoja kwa wastani ameshaliona mara nne, na gharama ya mnunuzi imepanda hadi 9,400. Ijumaa tunarekodi jingine uani pale pale, safari hii kwa maji ya moto. Na beseni nimeshaulizia bei ya jumla.