Kamusi za bure za maneno ya kompyuta: ipi uifungue kwanza

Ukiingia Luthuli Avenue, Nairobi, kutafuta laptopu ya Ex-UK (iliyotumika Uingereza), muuzaji atakumwagia maneno: M.2, DDR4, kizazi cha nane. Fungua simu kabla ya kufungua pochi. Kamusi za bure zipo, gharama ni data tu, kwa hiyo nimezipanga kwa jinsi zinavyomfaa mtu aliyesimama dukani.

Nafasi ya kwanza naipa Computer Hope, tovuti ya tangu 1998. Humwandikia asiyejua: maana kwa sentensi chache, mara nyingi na picha ya kifaa chenyewe. Mnunuzi hahitaji zaidi ya hapo.

Ya pili ni Wikipedia ya Kiingereza, pale jibu fupi lisipokutosha. Chukua hiyo M.2. Muuzaji akisema "hii ni M.2, inaenda mbio," amekutajia umbo la diski, hajakutajia kasi. Diski mbili za umbo hilohilo zaweza kutofautiana sana: moja inatumia SATA, njia ya zamani ya kusafirisha data, ambayo haivuki megabaiti 600 kwa sekunde, nyingine NVMe, njia mpya zaidi, inayofika maelfu. Angalia meno yake, pale inapochomekwa: yenye mapengo mawili mara nyingi ni SATA. (Mara nyingi, si kila mara, kwa hiyo soma pia kibandiko.) Ubaya wa Wikipedia ni kwamba kila sentensi inakutuma kwenye makala nyingine, na data inayeyuka. Dawa ni Kiwix, programu ya bure: ukiwa kwenye Wi-Fi pakua faili ya makala za kompyuta pekee, usome popote bila intaneti.

MDN Web Docs ya Mozilla ni ya tatu, kwa anayejifunza kutengeneza tovuti. Faharasa yake ni safi, lakini usiiulize habari za diski.

Ya nne ni FOLDOC, kamusi ya mtandaoni ya maneno ya kompyuta. Aliianzisha Denis Howe mwaka 1985, na makao yake yalikuwa Imperial College London. Ni maandishi matupu, inafunguka hata mtandao ukisuasua. Tazama tarehe iliyo chini ya maelezo, nyingi ni za zamani. Kwa historia ya Unix, mfumo endeshi wa zamani, ni hazina. Kwa DDR5, aina ya RAM iliyofuata DDR4, usijisumbue.

Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza 2003, naiweka mwisho kwa sasa. Makala zake za kompyuta ni fupi mno kumsaidia mnunuzi, ingawa mwanafunzi anayeanza atapata pa kushika.