TAHADHARI kwa wenye Mark X, Crown na Subaru wa Mtwara na Lindi: usimpe muuzaji huyu boksi lako la hewa

Wakuu, habari za muda huu. Ujumbe huu ni kwa yeyote wa ukanda wetu, kuanzia Kilwa hadi Masasi na Newala, mwenye Mark X, Crown, Altezza au Subaru na anayefikiria kufunga inteki ya michezo, yaani lile bomba lenye filta ya koni linalowekwa mahali pa boksi la kiwandani. Kuna muuzaji mtandaoni anawaliza watu. Msimu huu wa korosho amezidisha matangazo, maana anajua malipo ya minada yakishatoka vijana wanakuwa na hela mkononi. Jina na namba zake siziweki hapa kwa sababu suala liko polisi na sitaki kuliharibu. Anavyofanya kazi nitaeleza yote, na ukikutana naye utamjua tu.

Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Mtwara mjini. Magari yaliyopigwa na huyu mtu yanaishia mikononi mwangu, na kinachoniuma ni kwamba wengi wao ni vijana waliojinyima muda mrefu hadi kupata gari.

Anaweka picha za bomba la alumini linalong'aa na filta nyekundu yenye nembo ya K&N. Anasema duka lake liko Kariakoo, mzigo ni halisi kutoka kiwandani Japani, gari litaongeza nguvu za farasi 40 na mafuta yatapungua. K&N ni kampuni ya Marekani, ilianzia California mwaka 1969, kwa hiyo hiyo habari ya kiwanda cha Japani peke yake ingetosha kumshtukia. Bei ni laki nne na nusu. Halafu unakuja mtego wenyewe: ukimtumia boksi lako la hewa la zamani "pamoja na sensa yake", anakupunguzia laki moja na nusu. Anakwambia inteki yake inakuja na sensa mpya, hiyo ya zamani haina kazi tena. Unalipa kwa simu, unapakia boksi kwenye basi la Dar, na baada ya siku kadhaa unapokea mzigo. Ndiyo, mzigo unafika, na ndiyo maana watu wanachelewa kujua kwamba wameibiwa.

Anachokitaka ni ile sensa. Ndani yake kuna waya mwembamba sana unaopashwa moto kwa umeme. Hewa inayoingia injini inaupoza, na kompyuta ya gari inaangalia umeme kiasi gani unahitajika kuurudishia joto lake. Hapo ndipo inapojua hewa kiasi gani imeingia na nozeli zimwage mafuta kiasi gani. Kwenye Mark X ya GRX120 (hiyo ni namba ya modeli) ina nyaya tano, kwa kuwa ndani yake mna pia kipima joto la hewa. Halisi ni ya Denso na sokoni ina bei yake. Feki inaingia kwenye soketi vizuri tu na gari linawaka. Siku ya kwanza hata taa ya injini haiwaki.

Kijana mmoja wa Mikindani aliniletea Mark X yake akilalamika, "Fundi, nikikanyaga mafuta gari linasita kwanza, kama halisikii. Pale mlimani ndiyo kabisa." Ikisimama, sailensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, inapanda na kushuka yenyewe. Nikachomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari, zikatoka kodi za hitilafu P0171 na P0174. Injini yake, 4GR, ni V6, yaani silinda sita zilizogawanyika pande mbili, na kodi hizo mbili maana yake ni kwamba mafuta ni pungufu kuliko hewa pande zote mbili. Tatizo likiwa upande mmoja unaweza kuanza kutafuta kwenye upande huo. Yakija yote mawili kwa pamoja, mimi naanzia pale ambapo hewa bado haijagawanyika: filta, bomba na sensa.

Nikalishusha lile bomba. "Alumini" yenyewe ilishika sumaku, na alumini haishiki sumaku hata siku moja. Lilikuwa bati la chuma lililopakwa rangi ya kung'aa. Kiti cha sensa kilikuwa kimechomelewa kwa mkono. Nikalisimamisha juu ya karatasi nyeupe na kuligonga kwa kiganja, zikadondoka chembe nyeusi za kuchomelea, nyingine kubwa kama mbegu ya mchicha. Chembe hizo zilikuwa upande wa ndani, baada ya filta, kwa hiyo hakukuwa na kitu cha kuzizuia zisiende kwenye silinda. Nikapitisha kitambaa cheupe ndani ya bomba, kikatoka na vumbi jekundu la njia ya Tandahimba. Filta ilikuwa sponji iliyogundishwa na gundi, na gundi ilishaachia kwenye shingo kwa joto la boneti. Vumbi letu ni mchanga mtupu. Likiingia linakwangua kuta za silinda na ringi, na baada ya hapo gari linaanza kula oili.

Kipenyo nacho kilizidi. Hapa naomba tuelewane, maana hata wauzaji waaminifu wengi hawalijui. Sensa inapima hewa inayopita kwenye bomba la upana uliopangwa na kiwanda. Chukua mfano wa bomba la milimita 70 lililobadilishwa kwa la milimita 76: nafasi ya ndani inaongezeka kwa asilimia 18 hivi. Hewa ileile sasa inapita polepole zaidi mbele ya waya, kompyuta inadhani imeingia kidogo, inapunguza mafuta. Kwa hiyo hata bomba zuri, kama kiti chake cha sensa si cha kipenyo cha gari lako, litakuletea ugonjwa uleule.

Sasa kuhusu boksi. Gari la huyo kijana nilishawahi kulihudumia, na klipu ya kulia ya boksi lake ilikuwa imevunjika, nikaifunga kwa waya wa shaba uliosokotwa mara mbili. Baadaye nikaona akaunti nyingine kabisa inauza "boksi la Mark X na sensa yake, used kutoka Japani". Klipu ya kulia ilikuwa na waya wangu wa shaba. Picha ya tangazo hilo ipo, imekabidhiwa polisi.

Hizo nguvu za farasi 40 ni uongo. 4GR ya GRX120 ilitoka kiwandani na nguvu 215, na hakuna bomba la hewa peke yake litakaloifikisha 255. Boksi la kiwandani linavuta hewa ya nje kutoka mbele ya gari. Koni iliyo wazi ndani ya boneti inavuta hewa iliyokwisha kupashwa na injini, na kila nyuzi 10 za joto zinapoongezeka, uzito wa hewa unapungua kwa karibu asilimia 3. Kwa jua letu la Desemba, kwenye foleni ya mjini, unaweza ukapoteza nguvu badala ya kuongeza. Mlio utaupata, huo siukatai, na kwa wengine mlio ndio raha yenyewe.

Mwenye nia ya kweli atafute seti iliyoandikwa modeli ya gari lake, GRX120 au GRX130 na si "Mark X zote", yenye kizuizi cha joto kinachoitenga koni na injini. Zile zinazoshuka hadi chini ya fenda ziepukeni huku kwetu. Mvua kubwa zikijaza maji barabarani, injini ikinywa maji inakunja koni rodi, yaani vyuma vinavyoshika pistoni, kwa sababu maji hayabanwi kama hewa. Binafsi nawashauri wateja wangu wanunue filta bora ya bapa na kuiweka ndani ya boksi lilelile la kiwandani. Kama ni ya kupakwa oili, pakeni kidogo, maana ikizidi inakwenda kuganda kwenye waya wa sensa.

Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji apige simu ya video akiwa ameshika mzigo na sumaku. Huyu wa kwetu hapo ndipo "mtandao unasumbua". Angalia pia jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha malipo. Wote niliozungumza nao waliona jina ambalo si la duka, na kila mmoja aliona jina tofauti. Dai risiti ya EFD. Boksi na sensa ya zamani usimpe mtu yeyote kwa punguzo lolote, viweke ndani.

Kama tayari umefungiwa bomba lake, acha kuliendesha gari hadi lirudishiwe boksi halisi. Bomba, filta na sensa feki usitupe, wala risiti ya mzigo ya basi. Nenda kituo cha polisi kilicho karibu, iwe Lindi, Nachingwea au Masasi, ukachukue RB (namba ya taarifa yako polisi) ukiwa na ujumbe wa malipo na mazungumzo yenu yote. Namba iliyotumika kukutapeli itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15040 ili TCRA waifanyie kazi. Bidhaa yenye nembo ya kughushi inaripotiwa pia Tume ya Ushindani, FCC.

Na kama boksi lako lilikuwa na alama yoyote, mkwaruzo, rangi, klipu iliyofungwa kwa waya, pitia matangazo ya spea za mtumba. Ukiliona, piga picha ya tangazo zima pamoja na jina la akaunti na tarehe kabla hujamwandikia muuzaji neno lolote, kwa sababu akishtuka analifuta.