Yamaha HS5 kwenye chumba kidogo: uzoefu wangu

Studio yangu ni chumba cha kupanga, ukuta mmoja na jirani. Niliponunua Yamaha HS5, spika za studio za kuchanganyia muziki, sikuwa natafuta mdundo mtamu. Sabufa ya sebuleni inatosha kwa hilo. Nilitaka spika itakayonionyesha uchafu ulioko kwenye miksi, yaani sauti zote za wimbo zikishachanganywa pamoja.

Na hilo inalifanya vizuri sana. Sauti ya mwimbaji inakaa mbele kabisa, na kwa kazi za Bongo Fleva hapo ndipo penyewe. "S" inayochoma masikio, pumzi iliyokatwa vibaya, gitaa linalogombea nafasi na sauti ya mwimbaji: vyote unavikamata mapema, kabla wimbo haujafika kwenye redio ya gari la mtu.

Besi ndiyo kasheshe. Koni yake ni inchi 5, na Yamaha wenyewe wanaandika kwamba inashuka hadi Hz 54 (namba ya Hz ikiwa ndogo, sauti ni nzito zaidi), tena hapo nguvu imeshapungua kwa desibeli 10. Waya mnene wa gitaa la besi uko Hz 41. Kwa hiyo noti ya chini kabisa unaisikia kwa sauti zake za juu tu, mzizi wenyewe haupo. Wengi hapo hukimbilia HS8, ndugu yake mwenye koni kubwa zaidi. Kwa chumba kama changu siwashauri, maana kuta zilizo karibu hurundika besi kona hii na kuifuta kona ile. Rudisha kiti nyuma hatua moja tu, kiki (ngoma nzito ya mdundo) ileile inakuwa nyingine.

Tundu la hewa la HS5 liko mgongoni, na meza yangu iko karibu na ukuta unaovimbisha besi, hivyo swichi ya nyuma ya ROOM CONTROL nimeiweka desibeli -2, ipunguze sauti zilizo chini ya Hz 500. Kwenye -4 muziki ulikonda mno.

Kiki na besi navihakikishia kwenye hedifoni za Beyerdynamic DT 770 Pro. Zimefunika sikio lote, chumba hakina la kusema. Ila sauti za juu zinang'aa kupita kiasi, hivyo sauti ya mwimbaji naiamulia kwenye spika.

Kama hela inatosha kitu kimoja na chumba hakina hata pazia zito, anza na hedifoni. Ukienda kuulizia HS5, uliza kama bei ni ya jozi, kwa sababu mara nyingi huuzwa mojamoja.