Breki zilikufa zenyewe, bili nikaletewa mimi

Sikuwa na mpango wa kuandika. Safari yenyewe ilishapita, kama sikosei ilikuwa masika yalipoisha mwaka jana, na mapaja yangu yalishasamehe. Ila juzi nimekwenda kudai dipoziti yangu kwa mara ya nne. Nilitoa Sh 50,000. Nimerudishiwa 15,000 na kikaratasi kimeandikwa kwa peni ya bluu: “Mteja ameharibu breki.”

Mteja ndiye mimi. Na breki zenyewe nusura zinizike Soni, kule milima ya Usambara.

Hawa jamaa wapo hapahapa Dar. Wanakukodisha baiskeli, gari la mizigo linawafuata nyuma, mnapiga pedeli zaidi ya kilomita 500 hadi Usambara, Upare, na kumalizia Marangu chini ya Kilimanjaro. Bei na aina za baiskeli mtaziona kwenye matangazo yao, pamoja na picha za watu wanaocheka.

Niwape kwanza haki yao, nisije nikaonekana nina chuki binafsi. Njia waliichagua kwa akili. Hawakutupeleka Morogoro Road kugombea lami na malori hadi Chalinze. Tulitoka Mwenge bado giza, Tegeta, Bunju, Bagamoyo, kisha ile barabara ya Bagamoyo hadi Msata ambayo asubuhi ni yako wewe na mbuzi. Wami tuliteremka tukipiga mayowe kama watoto, ng'ambo ya pili tukapanda tukisukuma, hakuna aliyeongea. Baada ya Segera, ukiikaribia Korogwe, mkonge umepangwa mistari hadi macho yanachoka, na milima inaanza kujitokeza mkono wa kulia. Pale nilisema moyoni, hata wakitaka niongeze hela, naongeza.

Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33. Mimi ni mtu wa Tabata, mlima wangu mkubwa ni flaiova ya Tazara. Unaanza na jasho la Mombo, unamaliza unatafuta sweta. Mkono mmoja mwamba, mkono mwingine korongo, mbele kona, na baada ya kona kona nyingine. Nilipanda kwa saa tano na kitu. Watoto wa shule walinipita kwa miguu, wakaniamkia vizuri, nikaitikia marahaba kwa pumzi iliyobaki. Lushoto ipo kama mita 1,400 juu ya bahari na usiku ule nililala na soksi mbili mbili.

Kesho yake tulikwenda Irente. Unasimama kwenye mwamba, chini yako nyika imelala hadi upeo wa macho, magari ya barabara kuu yanatambaa kama sisimizi. Sina la kulaumu hapo, Mungu ndiye aliyeiweka, si kampuni. Mchana tukapanda msitu wa Magamba kuangalia mbega. Kurudi mjini ni mteremko mrefu, na ndipo breki zangu zilipoanza kulia.

Nilimwambia kiongozi wetu usiku uleule. Kijana wa miaka kama 25, miwani juu ya kofia muda wote, hata usiku. “Hiyo ni baridi tu, mzee. Asubuhi zitanyamaza.”

Asubuhi zikabadili sauti. Jana zililia, leo zinakwangua.

Tukawa tunateremka kurudi Mombo. Kilomita chache kabla ya Soni nikaingia kwenye kona, nikabana mikono yote miwili hadi vyuma vya breki vikagusa usukani, na baiskeli haikujua kama imeambiwa kitu. Mbele inapanda Fuso imejaa kabichi. Nikashusha mguu, soli ya kiatu ikaanza kunuka. Nikauchagua mtaro wa upande wa mlima, nikajitupa. Goti likachanika, simu ikapasuka kioo. Fuso ikapita, kabichi moja ikaanguka, utingo akacheka.

Nilipokaa chini nikaziangalia zile breki. Raba upande mmoja imebaki unene wa ganda la karanga. Upande wa pili hakuna raba kabisa, chuma kimesugua rimu hadi inang'aa kama sarafu mpya. Hiyo haiishi kwa siku mbili jamani. Baiskeli ilitoka Dar hivyo.

Gari letu likafika. Kijana hakushuka. Alishusha kioo, akanitazama nilivyokaa mtaroni, akasema, na wenzangu wote wanasikia: “Mzee, breki hazina shida. Shida ni kilo.”

Wakacheka. Hata yule dada wa Mikocheni tuliyekula naye peasi usiku alicheka.

Nina kilo 94. Niliziandika kwa mkono wangu kwenye fomu yao, wameweka kabisa kisanduku cha uzito. Sasa mliuliza mkitaka kunipeleka buchani? Nikaomba raba za akiba. Ndani ya gari mna spika kubwa, deli la barafu, katoni za maji na bango lenye jina la kampuni. Raba za breki, kitu ambacho Kariakoo unanunua kwa hela ya chipsi, hakuna. Nikasukuma baiskeli hadi Soni, gari likinifuata taratibu, muziki umefunguliwa.

Soni pale, pembeni ya barabara, kuna mzee fundi baiskeli. Hana kibanda, ana mti, pampu na beseni la maji ya kutafutia pancha. Nikamwamkia.

“Marahaba mwanangu. Umeanguka?”

Hakungoja jibu, alishaliona goti. Akazifungua breki bila kusema kitu, akachomoa kisu cha mshona viatu, akavuta kipande cha tairi kuukuu la gari, lilelile la makobazi. Akakata vipande vinne, kila kimoja urefu wa kidole gumba, akavipima kwa kucha. Akapasha msumari kwenye jiko la mama wa mahindi aliyekuwa jirani, akatoboa, akapitisha bolti za zile za zamani. Huku anafanya ananifundisha: usishike breki moja kwa moja mteremko mzima, rimu inapata moto, raba inaungua na kuwa ngumu kama kwato. Bana sana kabla ya kona, kisha achia. “Na wewe mwili unao, mwanangu, inabidi ubane mapema.”

Mnaona? Na yeye alisema kuhusu mwili. Lakini alisema huku anatengeneza.

Akadai 3,000. Nikampa 10,000 nikakataa chenji, akanuna kidogo, mwisho akakubali 5,000. Zile raba zikanishusha Soni hadi Mombo zikinuka kama tairi linachomwa kwenye maandamano, lakini zilishika. Zikanivusha upepo wa Same, ambao unakupiga usoni hadi unateremka unapiga pedeli. Zikanipandisha Mwanga hadi Usangi na kunirudisha. Marangu nilifika nazo. Kilimanjaro ilijificha mawinguni siku mbili, ikatoka jioni moja kama dakika kumi, nyeupe kule juu, watu wazima tukanyamaza. Kijana wa miwani alinyamaza pia, nikamsamehe kwa dakika hizo kumi.

Kwa hiyo nilitaka kutoa nyota 1. Kisha nikakumbuka Irente nikasema 3. Kisha nikasoma tena kikaratasi. Msiende nao. Au nendeni, njia ni nzuri mno kuikosa, ila fungueni breki wenyewe kabla ya kulipa, na mbebe raba zenu mfukoni.

Sasa hiyo juzi. Dada wa mapokezi, mpole, sina ugomvi naye, akanieleza: “Baba, raba ulizorudisha si za kwetu. Zimekwaruza rimu, ndiyo maana umekatwa 35,000.”

Nikasema sawa. Kama si za kwenu ni zangu, nililipia Soni. Nirudishie.

Akaingia ndani. Akakaa muda. Akatoka.

“Samahani baba, ile baiskeli haipo. Imeondoka na kundi la Alhamisi, wako Lushoto.”

“Imeondoka na breki gani?”

Akaangalia daftari lake, akaangalia mlango.

“Hizohizo, baba.”