Mkandarasi mwenye usajili wa CRB kwa nyumba ya kuishi, Arusha: inalipa au hailipi?

Inalipa kwa ghorofa, kwa kiwanja cha mteremko, kwa kiwanja chenye udongo mweusi, na kwa mwenye nyumba anayeishi Dar au nje ya nchi. Kwa nyumba isiyo ya ghorofa, ya vyumba vitatu, kwenye ardhi ngumu, na mwenyewe upo mjini, fundi mkuu mzuri anayekaguliwa na mhandisi kabla ya kila zege atakufikisha palepale kwa pesa pungufu. Nyongeza unayomlipa mkandarasi si ya cheti ukutani. Ni ya mtaalamu anayefika saiti kukagua nondo kabla zege halijamwagwa. Asipofika, umelipa bei ya kampuni ukapata kazi ya fundi wa mtaani, na hapo ndipo huduma hii inapoangusha watu.

Tuanze na usajili. Bodi ya Usajili wa Makandarasi, yaani CRB, ipo kwa sheria namba 17 ya mwaka 1997. Inasajili makandarasi wa majengo, wa kazi za barabara na madaraja, wa umeme, wa mitambo na wa kazi maalumu, na upande wa majengo madaraja ni 7: la 7 ndilo la chini, la 1 ndilo la juu. Nyumba ya kuishi ya kawaida haihitaji kampuni ya daraja la juu. La 7, la 6 au la 5 linatosha mradi thamani ya kazi haizidi kikomo cha daraja hilo, jambo ambalo Bodi itakuthibitishia. Orodha ipo kwenye tovuti yao. Angalia jina la kampuni liwe lilelile lililo BRELA, yaani kwa msajili wa kampuni, na kwenye mkataba, aina iwe majengo, na ada ya mwaka huu iwe imelipwa. Kampuni ya barabara inaweza kuwa halali kabisa na bado isiwe halali kwa nyumba yako.

Kisha uliza swali ambalo wengi hulisahau: mtaalamu wa kampuni ni nani, na atakuja lini? Kuna makandarasi wanaokodisha usajili wao. Fundi anachukua kazi kwa jina la kampuni, mwenye kampuni anakula asilimia yake, na saiti haijui hata sura yake. Dalili zake zinaonekana mapema. Anayesaini mkataba si mkurugenzi wala hana barua ya kumwakilisha, malipo yanaelekezwa kwenye namba ya simu ya mtu badala ya akaunti ya kampuni, na ukiomba kuonana na mhandisi unaambiwa yuko safarini. Ukiona mawili kati ya hayo, tafuta mwingine. Ukiridhika, andika kwenye mkataba jina la mtaalamu, namba yake ya usajili, na hatua ambazo lazima awepo: kuseti msingi, kabla ya zege la msingi, kabla ya jamvi (zege la sakafu ya chini), kabla ya ringi bimu (mkanda wa zege unaofunga kuta kwa juu), na kenchi zikishapanda lakini bati bado. Kila akija anasaini daftari la saiti. Bila saini, hatua hiyo hailipwi. Kifungu hiki kimoja kina thamani kuliko kurasa kumi za mkataba wa kunakili.

Bei. Usiombe bei kwa ramani peke yake. Mkadiriaji majenzi akutengenezee BOQ, yaani orodha ya kazi zote na vipimo vyake, uwape makandarasi watatu BOQ ileile, kisha ulinganishe mstari kwa mstari. Anayetoa bei ya chini sana mara nyingi ameacha vitu: kusafisha kiwanja, dawa ya mchwa, stoo, choo cha mafundi, maji ya ujenzi, mlinzi. Hivyo vitarudi kama kazi za ziada. Uliza pia kama bei ina VAT ndani au VAT inakuja juu yake, maana kwa nyumba nzima tofauti yake inatosha kununua bati.

Kibali cha ujenzi ni jukumu lako mwenye kiwanja, hata mkandarasi akisema "tutashughulikia". Maombi ya Jiji la Arusha, kama ya Manispaa ya Moshi, yanapita kwenye TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa halmashauri. Mkandarasi naye ana wajibu wa kusajili mradi wako CRB na kuweka bango saiti. Bango lisipowekwa, uliza sababu.

Sasa msingi, ambapo mkandarasi mzuri na mbovu wanaachana kabisa. Kabla ya bei ya mwisho, dai mashimo ya majaribio mawili au matatu ya kina cha mita 1.5 hadi 2 kwenye pembe za nyumba. Udongo mweusi wa kunata huvimba masika na kusinyaa kiangazi, na matokeo yake ni nyufa za mshazari zinazoanzia kwenye kona za madirisha na kupanda kama ngazi kufuata viungo vya matofali. Nyufa hizo hazitibiki kwa lipu. Dawa ni kuutoa udongo huo hadi ardhi ngumu na kurudishia moramu kwa tabaka za milimita 150, kila tabaka likishindiliwa, au mhandisi abadilishe aina ya msingi. Viwanja vya mteremko, kama vile vingi vya Ilboru na Sekei, vina mtego wake: mkandarasi anatoa bei kana kwamba kiwanja ni tambarare, kisha baada ya kuchimba anakuletea bili ya msingi wa ngazi na ukuta wa kuzuia udongo. Pima viwango vya kiwanja kwanza na viingie kwenye BOQ. Ukuta huo uwe na matundu ya kutolea maji na kokoto nyuma yake. Usipokuwa nayo, maji ya masika yatausukuma.

Zege la 1:2:4 kwa mfuko mmoja wa kilo 50 ni ndoo tatu na nusu za lita 20 za mchanga, ndoo saba za kokoto, na maji lita 25 hadi 28. Mchanga ukiwa na unyevu, maji yapungue zaidi. Mafundi wanapenda kuongeza maji ili zege liteleze kirahisi kwenye toroli. Kila ndoo ya ziada inakula nguvu ya zege, na huoni hasara hiyo mpaka limekauka. Mchanga upimwe kwa chupa ya plastiki yenye uwazi: jaza mchanga nusu, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, acha saa tatu. Kama mchanga umesimama sentimita 10 na tope juu yake linapita milimita 8, rudisha lori.

Nondo pima kwa mizani. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inapaswa kuwa kama kilo 10.7, ya milimita 10, kilo 7.4, ya milimita 16, karibu kilo 19. Nondo zilizopunguzwa kipenyo zipo sokoni, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Kabla ya kumwaga, nondo za msingi ziwe zimenyanyuliwa milimita 50 kutoka chini kwa vitofali vya zege, si kwa vipande vya mawe. Zege limwagiliwe siku 7 angalau. Mirunda ya slabu ya ghorofa isiguswe kabla ya siku 14, na ya boriti siku 21, hata kama mkandarasi anaihitaji saiti nyingine. Kwa ghorofa, dai mchemraba wa zege upimwe maabara siku ya 7 na ya 28.

Ringi bimu izunguke nyumba nzima bila kukatika. Matetemeko ya Julai 2007 upande wa Ziwa Natron yalisikika hadi Arusha mjini, na ukuta usiofungwa juu ndio unaoachia kwanza.

Malipo ya awali yasizidi asilimia 15, yakatwe kidogo kidogo kwenye malipo yanayofuata. Ukiombwa nusu, ujue pesa yako inakwenda kumaliza nyumba ya mtu mwingine. Baada ya hapo lipa kwa hatua iliyokamilika na kukaguliwa: msingi na jamvi, ukuta hadi lenta, ringi bimu na kupaua, lipu na mifumo, umaliziaji. Kazi ya ziada yoyote iandikwe pamoja na bei na kusainiwa kabla haijafanywa. Makubaliano ya mdomo saitini ndiyo chanzo cha ugomvi mwingi. Mikataba ya mfano ya Baraza la Taifa la Ujenzi ina vifungu vya haya yote, pamoja na njia ya kusuluhisha mgogoro bila kukimbilia mahakamani.

Kama dhamana ya kasoro, zuia asilimia 10 ya kila malipo mpaka jumla ifike asilimia 5 ya mkataba. Nusu yake irudi siku ya makabidhiano, nusu ikae hadi muda wa kurekebisha kasoro uishe. Makandarasi watapendekeza miezi 6. Kataa kama miezi hiyo haigusi Machi hadi Mei. Nyumba iliyokabidhiwa Juni na kumaliza muda wake Desemba haijapimwa na masika: bati halijavuja, msingi haujatitia, ukuta wa mteremko haujabeba maji. Andika miezi 12. Mkandarasi anayeijua kazi yake atasaini bila mabishano marefu.